Kijiji Kilichogeuzwa kwa Viazi

Jumanne moja, baada ya uji wa saa nne, Mwalimu Tumpe alimwaga beseni la viazi juu ya meza ya darasa la tano na kuwaonya watoto kwamba viazi hivyo si vya kula. Somo lilikuwa Sanaa. Mada ilikuwa kuchapa picha kwa vibao, na kitabu kilisema vifaa ni vile vinavyopatikana katika mazingira ya shule. Mazingira ya shule ya Nyakihanga yalitoa viazi, ndala zilizokatika, vifuniko vya soda, magunzi na kamba ya katani. Wino ulikuwa masizi ya sufuria yaliyokorogwa kwenye uji wa ngano, ukanyweshwa kipande cha godoro kilicholazwa kwenye sahani.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Ndani pia ilikuwa inanyesha, ila kwa kiasi. Paa la darasa la tano lilivuja kwenye kona ya kushoto ya ubao. Hapo iliwekwa ndoo, na watoto wa kona hiyo walikuwa wamezoea kuandika huku daftari limefunikwa kwa mfuko wa mbolea.

Paa hilo lilikuwa na dawa yake. Mufindi ni nchi ya mipaini, na wazazi wa Nyakihanga walishapanda shamba la miti la shule miaka mingi nyuma, kwa makubaliano kwamba miti ikikomaa ipasuliwe mbao na madarasa yaezekwe. Miti ikakomaa. Lakini Mzee Crispin, mwenye mashine ya mbao na mwenyekiti wa kamati ya shule, aliitaarifu kamati kwamba safu za juu, zile nene, ziliteketea kwenye moto wa kiangazi. Mipaini inayoonekana kule juu, alisema, ni ya kwake, na imeanzia pale moto ulipoishia. Kamati ikapokea taarifa. Shule ikabaki na safu za chini, nyembamba za kuchongea mpini wa jembe. Mwalimu Tumpe, aliyehamishiwa pale kutoka Tukuyu, aliulizia mbao kwenye kila kikao mpaka watu wakaanza kumwita Mwalimu Paa. Naye aliitika.

Kwa hiyo Jumanne hiyo alikuwa na mpango. Siku ya Wazazi ilikuwa inakaribia. Watoto wangechapa kijiji kizima kwenye karatasi moja kubwa ya manila, shule ikiwemo, shamba la miti likiwemo, na darasa la tano lichapwe na matone yake ya mvua, wageni waone wenyewe.

Watoto walichonga. Kanisa la Kilutheri lilitoka kwenye kiazi kirefu. Barabara ya kutoka Mafinga ilikuwa ukanda wa ndala. Mipaini ya shule ilipigwa kwa gunzi. Ng'washi, binti wa Bujiku aliyehamia juu huku na ng'ombe wake kutoka Usangu, alichonga ng'ombe wa baba yake, kila mmoja na pengo lake la sikio. Vipande vyote vikabandikwa kwa gundi juu ya uso wa dawati bovu, vikapakwa masizi, karatasi ikalazwa juu na kusuguliwa kwa chupa. Watu hawakuchongwa. Viazi viliisha walipofika kwenye watu, kwa sababu Amos alikuwa amekula vya kwake vibichi.

Karatasi ilipobanduliwa, darasa zima likasogea kuitazama.

"Mwalimu," alisema Ng'washi, "mbona kanisa limehamia kwa ng'ombe wetu?"

Mwalimu Tumpe alitazama. Shule, ambayo ukitoka Mafinga iko kushoto kwa barabara, ilikuwa kulia. Kanisa, ofisi ya kijiji na uwanja wa mpira, ambavyo viko kulia, vilikuwa kushoto. Ukurasa wa kitabu unaoeleza kwamba picha ya kuchapa huchongwa kinyume ulikuwa umelowa siku za nyuma kwenye ile kona ya ubao, ukashikana na ukurasa wa ususi wa mikeka, na hakuna aliyewahi kuubandua.

"Itafaa," alisema. Manila ilikuwa moja tu.

Nyakihanga hakuna kinachobandikwa kwenye ubao wa matangazo bila mhuri. Hata tangazo la mbuzi aliyepotea lilisubiri mhuri, na mbuzi alikuwa ameshaliwa lilipotoka. Mwalimu Tumpe akaipeleka karatasi kwa mtendaji wa kijiji, Liberatus, aliyekuwa anakula hindi la kuchoma huku anaongea na simu. Liberatus alikuwa mtu wa kugonga mhuri kwanza na kusoma baadaye, na mara nyingi hiyo ya pili hakuifikia. Aliwahi kugonga mhuri gazeti lililofungia maandazi yake. Akasogeza hindi, akagonga, akatia saini, akaandika *imeidhinishwa*, akaendelea na simu.

Asubuhi yake kijiji kilikuwa kimefuata karatasi.

Mwalimu Tumpe alitoka nyumbani, akafika barabarani, akakata kulia kama kila siku, na akajikuta mlangoni pa kanisa. Bibi Rozalia alikuwa anafagia ngazi.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, bibi. Shule iko wapi?"

"Imehamia ng'ambo. Nimeiona wakati nachota maji. Pita hapo kwenye josho, utaikuta."

"Josho nalo liko ng'ambo?"

"Josho nalo. Ila usikimbie, matope hayakuhama."

Mwalimu Tumpe alishukuru na kupita kwenye josho. Shule aliikuta imetulia, milango yote inafungukia upande mwingine, na maneno ya ukutani, BIDII NDIYO NJIA, yakianzia kulia kwenda kushoto. Ndoo ya darasa la tano ilikuwa kwenye kona ya kulia ya ubao. Tone lilikuwa linaingia katikati kabisa.

Siku za kwanza kulikuwa na usumbufu. Watu, kwa kuwa hawakuchapwa, walibaki walivyo. Nyumba zao ndizo zilizogeuka na kila kilichokuwa ndani. Wanaume waliamka na kuvaa ukuta. Cherehani ya Mama Happy ilikuwa na gurudumu mkono wa kushoto, na magauni ya wiki hiyo yote yalitoka na vifungo nyuma. Baiskeli zilikuwa na mnyororo upande wa kushoto. Funguo ziligoma mpaka zilipozungushwa kwa namna ya kufunga. Ng'ombe wa Bujiku, ambao walikuwa kwenye karatasi, pengo liliwahama sikio la kushoto likaenda la kulia. Bujiku aliwahesabu, akawakuta wametimia, akasema sikio ni sikio.

"Kule Usangu niliambiwa nihame mimi," alimwambia mwalimu. "Hapa angalau wamehamisha kijiji chenyewe."

Mwalimu Tumpe alikwenda ofisini kwa Liberatus, akamkuta anatafuta mlango wa kabati lake.

"Mtendaji, ile karatasi nilikosea. Nichape nyingine iliyo sawa, ugonge, turudi tulivyokuwa."

"Hilo halina shida," alisema Liberatus. "Kijiji kinafuata karatasi. Ikitoka karatasi mpya, kinafuata mpya. Ndiyo utaratibu."

Akatoa mhuri, akaujaribu kwenye kipande cha gazeti. Maandishi yalitoka kinyumenyume. Mhuri ulikuwa ofisini usiku ule na umegeuka pamoja na ofisi. Ukiutazama usoni ulisomeka vizuri kabisa, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa.

"Huu hauwezi kuidhinisha kitu," alisema Liberatus, akiupuliza kama chai ya moto. "Naomba mpya wilayani."

"Unaomba kwa njia gani?"

"Kwa barua yenye mhuri."

Aliiandika barua, akaigonga mhuri, akaituma. Ilirudi na maelezo kwamba mhuri hausomeki na kwamba ofisi ya kijiji itumie mhuri halali. Akaandika nyingine kueleza, nayo akaigonga. Kwa muda mrefu barua hizo zilipishana njiani, na dereva wa basi la Mafinga akawa anazitambua kwa unene.

Aliyegundua jambo lenyewe alikuwa Obeid, mzee wa kanisa. Alikuwa amekaa nje ya duka akitazama baiskeli zinavyopita, zote mnyororo kushoto, zote mnyororo kushoto, kisha akapita Philbert, mwana wa Bibi Rozalia, fundi wa msumeno kwa Mzee Crispin. Mnyororo wake ulikuwa kulia.

"Philbert," aliita Obeid. "Hebu simama, mwanangu. Hiyo baiskeli mbona haikugeuka?"

"Sijui, mzee. Labda ni imara."

Obeid aliinama, akatazama chini ya kiti, akaona kipande cha bati alichozibia mwenyewe, mwaka uleule baiskeli yake ilipopotea mnadani. Akajinyoosha, akapisha. Philbert alipanda akaenda zake, ila polepole, kama mtu anayesindikizwa.

Habari ikaenea bila kutangazwa. Kila kitu kilichokuwa na upande wake kilikuwa kimehamia upande wa pili. Kitu kilichochukuliwa kwa mwenyewe hakikuwa na upande, kwa hiyo kilibaki palepale kilipokuwa, kinatazama kulekule. Jioni hiyo milango mingi ya Nyakihanga ilifungwa mapema. Ndani, watu walikuwa wanapita na koroboi kutafuta ambacho hakikugeuka, na walikipata. Mama Happy alikuta mkasi. Liberatus alikuta redio ya ofisi ya kata. Kwa mchungaji kulikuwa na gitaa, akalisukuma chini ya kitanda na kuimba bila gitaa Jumapili iliyofuata.

Mwalimu Tumpe hakutafuta. Alikaa mezani kunywa chai. Maandishi yote ndani ya nyumba yake, kuanzia kalenda mpaka boksi la majani ya chai, yalikuwa yanakwenda kinyume, na macho yake yalikuwa yameshazoea. Ndipo akaona kwamba kikombe alichoshika anakisoma bila shida yoyote. Kilikuwa kikombe cha bati chenye rangi ya bluu, na kiliandikwa MALI YA CHUO.

Alikuwa ametoka nacho siku ya kuhitimu, chini ya majoho. Wenzake wote walitoka na kimoja. Alimaliza chai, akakiosha, akakigeuzia ukutani.

Kesho yake jioni, watoto walikwenda kucheza mpira kwa mara ya kwanza tangu kijiji kigeuke. Uwanja ulikuwa kushoto kwa barabara sasa, pale juu mlimani lilipokuwa shamba la miti la shule, na katikati yake, kuanzia duara mpaka mlingoti wa goli la kaskazini, ilisimama mipaini. Ilikuwa minene, iliyonyooka, imepandwa kwa safu, na haikugeuka. Shamba la miti la shule lilikuwa limevuka barabara na safu zake nyembamba. Shamba la Mzee Crispin nalo lilikuwa limevuka. Safu hizi peke yake zilibaki ziliposimama siku zote, zimeachwa uwanjani kama watu walioachwa na gari.

Watoto walijadiliana. Wakakubaliana kwamba mpira ukigonga mti ni wa kurusha, na mti ukiuzuia usiingie golini ni halali, kwa kuwa mti haukukusudia. Wakacheza.

Mwalimu Tumpe alisimama kwenye mstari akiitazama ile mipaini. Kila mti alioukadiria kwa macho ulikuwa boriti, papi ya kugongelea bati, mbao. Aliona darasa la tano lote pale, limesimama wima, linasubiri tu kulazwa.

Kikao cha kijiji kiliitishwa Alhamisi, palepale uwanjani, mbele ya miti yenyewe. Mzee Crispin alikuja amevaa koti lake la kijani, akawasalimia wakubwa kwa heshima na wadogo kwa majina. Alikuwa mtu mpole. Hakuna aliyewahi kumsikia amepaza sauti, hata juu ya kelele za msumeno. Watu walikuwa wanamsogelea wenyewe.

Liberatus alifungua kikao na kuuliza kama kuna mwenye la kusema kuhusu miti.

Bibi Rozalia akasimama. "Mimi nina la kusema. Hii miti naijua. Safu ile ya mwisho nimeipanda kwa mkono wangu, wakati nina mimba ya huyu Philbert. Tulikuwa akina mama, tunapanda huku mvua inatunyeshea, tukaambiwa ni ya watoto. Haikuungua. Mti ulioungua haunenepi hivi. Crispin, baba, wewe unajua haikuungua."

Watu wakaguna. Lilikuwa guno zuri, lenye uzito.

"Mama yangu kasema vizuri," alisema Mzee Crispin. "Na Philbert, mwanao, nilimwona anakuja hapa na baiskeli. Iko wapi ile baiskeli, Philbert? Ilete mbele, tuwasikilize wote wawili."

Philbert alitazama viatu vyake. Obeid alikohoa, akatafuta kitambaa. Bibi Rozalia alimtazama mwanawe, kisha baiskeli iliyoegemezwa kwenye mti, mnyororo kulia, kisha akakaa chini taratibu na kujifunika khanga magoti.

Liberatus akauliza kama kuna mwingine. Mama Happy alikuwa anachambua nyuzi kwenye gauni lake. Mchungaji alikuwa anatazama mawingu.

Mwalimu Tumpe akasimama.

"Ndugu zangu, watoto wa darasa la tano wanalowa," alisema. "Sasa wanalowa kulia, zamani walilowa kushoto, lakini ni maji yaleyale. Miti ni hii hapa. Kila mtu anaiona. Mimi naomba…"

"Mwalimu," alisema Mzee Crispin kwa upole, "samahani nikukate. Juzijuzi nilipita kwako kusalimia, ukanikaribisha chai."

"Ndiyo, mzee."

"Ulinipa kikombe kizuri sana. Cha bluu. Nilikisoma vizuri, na mimi siku hizi hata dawa za ng'ombe nazisoma kwa shida."

Mpaini mmoja uliangusha koni.

"Ni kikombe kimoja, mzee," alisema Mwalimu Tumpe.

"Hata mimi sijasema ni viwili."

Mwalimu Tumpe alikuwa na maneno, alikuwa ameyapanga tangu jana yake, lakini kila alilolishika lilikuwa na mkono wa bati. Akakaa.

"Mimi naona hivi," aliendelea Mzee Crispin. "Kijiji kizima kimeyumba. Kanisa limeyumba, shule imeyumba, ofisi ya serikali imeyumba na mhuri wake. Kitu gani hakikuyumba? Hii miti. Sasa mnataka kumkamata asiyeyumba?"

Baadhi ya watu walipiga makofi, kwa kuwa yalisemwa vizuri. Muhtasari ukaandikwa kwamba wananchi wamehimizwa kuvumiliana wakati huu wa mpito, Liberatus akaugonga mhuri kinyumenyume, na watu wakaondoka, kila mmoja akipita njia ndefu ili asiongozane na mwingine.

Jumamosi alfajiri Mwalimu Tumpe alikifunga kikombe kwenye kitenge, akapanda basi la Mbeya. Alikwenda mpaka chuoni, akamkuta mtunza stoo anakula, akakiweka kikombe mezani.

"Hiki ni chenu."

Mtunza stoo alikitazama, akakisoma, akakiweka kwenye rafu ambayo ilikuwa tupu. "Vilikuwa vingi hivi," alisema. "Wewe ni wa kwanza." Akaendelea kula.

Alilala kwa dada yake Uyole, na Jumapili akarudi. Njia nzima, kuanzia Makambako, alikuwa anayapitia maneno yake na kuyaona yamenyooka, hayana tena mkono wa kushikiwa. Aliposhuka Nyakihanga jioni, hewa ilikuwa inanukia utomvu. Uwanja wa mpira ulikuwa wazi kutoka goli hadi goli. Visiki vilikuwa vibichi na vyeupe, vimepangwa kwa safu, na magogo yalikuwa yameshafika kwenye mashine. Mzee Crispin alikuwa na kibali cha kuvuna, na kibali kilikuwa na mhuri wa kabla ya viazi, unaosomeka.

Mwalimu Tumpe alimkuta nje ya mashine yake, anapangusa vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Nimerudisha kikombe, mzee."

"Umefanya vizuri sana, mwalimu. Mungu akubariki."

"Kwa hiyo sasa naweza kusema."

"Sema tu. Kaa hapa, usisimame kwenye jua."

Akasema. Alisema yote, kwa mpangilio, kuanzia akina mama waliopanda mvuani mpaka mfuko wa mbolea juu ya daftari. Mzee Crispin alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akitikisa kichwa kwa huzuni pale palipohitaji huzuni. Alipomaliza, alimmiminia chai.

"Yote uliyosema ni kweli," alisema. "Ungeyasema Alhamisi."

Siku ya Wazazi ilifana. Karatasi ya manila ilibandikwa ubaoni, na wageni kutoka Mafinga waliisifu kwa jinsi inavyofanana na kijiji. Mzee Crispin, kama mwenyekiti wa kamati, alitangaza mchango wake kwa shule: mabanzi, yaani yale magamba ya gogo yanayobaki mbao ikishapasuliwa, mkokoteni mzima, kwa ajili ya somo la Sanaa. Watu walisimama kushangilia. Mwalimu Tumpe alitoa neno la shukrani, kwa sababu lilikuwa kwenye ratiba na jina lake.

Wiki iliyofuata, baada ya uji, darasa la tano lilirudi kwenye mada ya kuchapa. Safari hii mwalimu alikuwa ameubandua ule ukurasa kwa mvuke wa birika. Akawafundisha kwamba herufi huchongwa kinyume, ili ikichapwa isomeke. Walikata herufi kwenye ndala, wakazibandika kinyume juu ya mabanzi, wakapaka masizi, wakagonga kwenye karatasi.

Zilitoka kinyume.

"Rudieni," alisema mwalimu. Wakarudia. Zikatoka kinyume vilevile, kama zilivyobandikwa. Ng'washi akabandua herufi zake, akazipanga sawasawa, zinasomeka juu ya banzi kama zinavyosomeka kitabuni, akagonga. Jina la baba yake lilitoka limenyooka, B mpaka U, halina kasoro.

Mwalimu Tumpe alilichukua lile banzi akaligeuza huku na huku. Lilinukia utomvu. Alijaribu kwa kiazi, kiazi kiligeuza. Alijaribu kwa gunzi, gunzi liligeuza. Banzi halikugeuza kitu. Alifikiri kidogo, kisha akaandika ubaoni, na watoto wakanakili: *Kwenye kiazi, ndala na gunzi, chonga kinyume. Kwenye mbao za Mzee Crispin, chonga vilevile.*

Liberatus alisikia, akaja kuomba kibao kimoja kwa matumizi ya ofisi. Watoto walimtengenezea mhuri wa kijiji, wa ndala juu ya banzi, unaosomeka vizuri sana. Siku hizi ndio anaoutumia, na wilayani hawajaukataa hata mara moja. Mwalimu Tumpe alimkumbusha kwamba sasa anaweza kugonga karatasi mpya, kijiji kirudi kilivyokuwa. Liberatus alikiri kwamba inawezekana. Alilipeleka jambo hilo kwenye kikao, na wananchi wakaona wameshazoea. Ila Mzee Crispin alisema yeye hana neno, hata wakirudi sasa hivi. Visiki wakati huo vilikuwa vimeng'olewa na uwanja kusawazishwa.

Mwisho wa muhula ulikuja mtihani wa pamoja kutoka wilayani. Swali la mwisho la Sanaa liliuliza: *Kwa nini herufi huchongwa kinyume kwenye kibao cha kuchapia?*

Mwalimu Tumpe alisahihishia darasani, watoto wakiwa wameshaondoka. Mvua ilikuwa inanyesha, na ndoo ya kona ya kulia ilikuwa inakaribia kujaa. Wengi waliandika kile kitabu kilichosema, akawapa vema. Amos aliandika kwamba hajui ila viazi ni vitamu. Ng'washi, kwa mwandiko wake mdogo uliobanana, alikuwa ameandika: *Si lazima. Inategemea mti ulikuwa wa nani.*

Aliisoma, akaisoma tena. Akaufungua mwongozo wa kusahihisha, akatafuta kama kuna jibu linalokaribiana na hilo. Halikuwepo. Aliinuka akaenda kumwaga ndoo, akairudisha, akasubiri mpaka tone la kwanza lilipogonga chini yake.

Kisha akachukua kalamu nyekundu na kuweka alama ya kosa, ambayo ni moja ya vitu vichache Nyakihanga ambavyo, ukivitazama kutoka upande wowote, vinabaki vilevile.